Miche ya Nyuma ya Jiko la Nakiete

Jani la kwanza halitaji jina. Mmenisikia nikisema hivyo asubuhi, mlipomcheka yule mtoto mgeni wa darasa lenu kwamba hajui kitu, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa kwetu, milimani Upare, na aliyeyatamka kwanza ni mama yangu, Nanzia. Yalianza hivi.

Tulikuwa na jirani aitwaye Mbonea, mkulima wa kahawa. Mkewe, Nakiete, alikuwa na bustani ya mboga nyuma ya jiko. Mbonea hakuwahi kutia jembe pale. Alikula kilichopikwa, akashukuru, akarudi kwenye mibuni yake. Kiangazi kimoja Nakiete akaugua, akafariki kabla ya vuli.

Mvua ziliponyesha, bustani ikachipua. Miche ilitapakaa kila mahali, kila mmoja na vijani viwili vidogo. Wakwe wa Namkunda, binti yao wa pekee, walikuwa waje kutoa pole. Mbonea akaona haya waikute nyumba ya marehemu imezungukwa na majani. Akapiga magoti, akaanza kung'oa.

Mama alimkuta amekaribia kufika ukutani.

“Baba Namkunda, unafanya nini?”

“Nang'oa magugu.”

“Nani kakwambia ni magugu?”

“Si yote ni mamoja? Tazama mwenyewe.”

Mama akachuchumaa. “Ni kweli, hata mimi siwezi kuyatofautisha. Jani la kwanza halitaji jina. Ungengoja la tatu.” Akaongeza, “Nakiete alisia mbegu hapa siku ile alipotoka kitandani mara ya mwisho. Alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga. Nikamuuliza ni za nini, akacheka tu.”

Mbonea akatazama lundo lililokuwa kando yake. Alianza kuirudisha ile miche ardhini, mmoja mmoja, akiimwagilia kwa kikombe. Mama alijua haitashika, lakini alileta kikombe kingine akamsaidia. Kufikia jioni yote ilikuwa imelala.

Mitatu tu ilikuwa imesalia chini ya ukuta. Mbonea akaiwekea kivuli cha majani ya mgomba, na kila alfajiri aliitazama kabla ya kunywa chai. Watu walipomcheka kwamba anabembeleza magugu, aliwaacha wacheke.

Baada ya siku tisa mche wa kwanza ukatoa jani lenye meno. Ulikuwa kishona nguo, lile gugu linalong'ang'ania suruali. Hata hivyo alikwenda kumwita mama athibitishe ndipo akaung'oa. Wa pili nao ukawa vivyo hivyo. Wa tatu ukatoa jani lililogawanyika mara tatu, na lililofuata likagawanyika mara tano, kama vidole vya mkono.

“Mgagani,” mama akasema.

Mbonea akaketi kwenye udongo mbichi. Mgagani ni mchungu. Nakiete alikuwa akiuchemsha kwa maziwa mpaka uchungu uishe, na tangu alipoondoka hakuna aliyempikia tena.

“Utanifundisha kuupika?” akauliza.

“Nitakufundisha. Lakini kipimo cha maziwa alikijua yeye. Mimi nitakisia.”

Msimu ule hakuchuma hata jani moja. Aliuacha ukatoa maua, ukazaa, maganda yakakauka, akakusanya mbegu. Mwaka uliofuata alikuwa na matuta mawili. Akapika, akaonja, akasema haufanani na wa Nakiete, kisha akaumaliza wote sahanini.

Hata hivyo, hakuacha kulifikiria lile lundo. Huenda lilikuwa mgagani mtupu. Huenda marehemu alikuwa amechanganya na mbegu nyingine aliyotaka mumewe aione. Nilikuwa msichana mkubwa nilipomsikia akimuuliza mama, miaka mingi ikiwa imepita, “Nanzia, hivi unadhani ile mingine ilikuwa nini?” Mama akamjibu kwamba hajui, na kwamba sasa hakuna anayeweza kujua.

Ndiyo maana kila aliposikia mtu ana haraka ya kumkataa mwenzake au kukitupa kitu, Mbonea alimwambia kwa upole, huku anatazama pembeni: jani la kwanza halitaji jina.