Wodi ya Elinami

Mwalimu mmoja wa udaktari, jina lake Mbonea, alikuwa na wanafunzi wengi, naye alisifika kwa haki. Chuoni kwake kulikuwa na desturi ya zamani: kabla ya kuhitimu, mwanafunzi alikaa alasiri nzima na mgonjwa, bila dawa wala vifaa, kisha mgonjwa akaulizwa huyu ni mtu wa namna gani. Mbonea aliifuta. Alisema maneno ya wagonjwa hayageuki kuwa alama, na kisichopimika huzaa upendeleo. Walimu wenzake walikubali, maana hoja ilikuwa nzito.

Mwaka huo aliyeongoza mitihani ni mwanafunzi aitwaye Elinami. Hakukosa swali. Wanafunzi wenzake walinong'ona kwamba hawajawahi kumwona akiketi na mtu yeyote. Mbonea akawajibu kwamba chuo hakitoi shahada ya kuketi.

Miaka ikapita. Mbonea akaugua moyo, akalazwa katika wodi iliyosimamiwa na Elinami, na akafurahi kuangukia mikono aliyoifunza mwenyewe.

Ilikuwa mchana mweupe. Sakafu inang'aa, mashine zinahesabu mapigo, hakuna anayelia. Kwanza Mbonea aliuona utulivu ule kuwa sifa. Kisha akagundua kwamba wagonjwa wote wamelala wakitazama ukuta. Alimsalimu mzee wa kitanda cha jirani. Mzee hakugeuka, aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutojibiwa, kama kuna mtu hapo.

Elinami akaingia. Alisimama kando ya kila kitanda, akasoma mashine, akarekebisha dripu, akapita. Mzee alinyoosha mkono hewani, akiomba ashikwe kidogo. Elinami alitazama mapigo yake, akaona yako sawa, akaendelea. Mkono ulibaki juu kitambo, kisha ukashuka. Jua lilikuwa bado dirishani mzee alipokata roho. Elinami alirudi, akamfunika uso, wala hatua zake hazikubadilika.

Hapo Mbonea akaogopa, na si kifo alichokiogopa. Daktari alipofika kwake, macho yakiwa kwenye mashine, Mbonea alimwita kwa jina. Akamwita tena. Akamsihi amtazame usoni, ajue kuwa ni yeye, mwalimu wake.

Elinami hakuinua macho. Alisema kwa upole, bila kinyongo, "Nakujua, Mwalimu. Kila ulichoniuliza nilikijibu. Hili hukuniuliza."

Akarekebisha dripu, sawasawa kama alivyofundishwa, akaenda zake.

Mbonea alipona. Dawa zilikuwa sahihi, na kipimo chake hakikuzidi wala kupungua. Lakini wanaomjua wanasema mpaka leo, ukimkuta nyumbani mchana, amelala ameelekea ukuta, na ukiingia huuliza kama kuna mtu.

Nanyi mnaosahihisha mitihani ya vijana: siku watakaposimama kando ya kitanda chenu, mtatamani wawe wamefaulu nini?