Kikapu cha Kwanza cha Tunu

Tegeni sikio, kisha mnisaidie kukata shauri.

Handeni palikuwa na wanawake watatu. Bi Nyange alijaliwa jicho la kuona wanachokipita wengine. Muuguzi Ndekwa alijaliwa elimu. Mwajabu alijaliwa mkono wa jikoni. Wote walimpenda Tunu, binti wa Saumu, mtoto wa miaka tisa mwenye usonji, asiyesema, asiyekula ila ugali wa sembe na biskuti.

Mwaka ule Tunu alianza kujigonga kichwa ukutani. Saumu alimkumbatia mpaka mikono ikafa ganzi. Majirani walimwambia usonji ndivyo ulivyo, azoee. Naye akakaribia kuamini.

Bi Nyange, mama mkwe wake, hakuamini. Wiki mbili alimtazama mjukuu wake, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto huyu hana hasira. Anaumwa tumbo. Hujigonga siku ambazo hajapata choo."

Wakampeleka zahanati. Ndekwa alimpapasa tumbo, akalikuta gumu. Akampa dawa ya kulainisha choo, akamweleza Saumu kwamba bila maji ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi, maumivu yangerudi.

Lakini kumlisha ndiyo ilikuwa kazi. Papai alilitupa. Mchicha ulimtapisha. Saumu akalia mbele ya wifi yake, Mwajabu, naye akamwambia, "Niachie mimi."

Mwajabu hakubadili sahani wala ukubwa wa tonge. Kwenye sembe alitia dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, kijiko kimoja tu, na kila wiki akaongeza kingine. Biskuti akazioka mwenyewe, umbo lilelile, ndani mna mtama na papai lililokaushwa. Siku tano Tunu alizinusa akaziacha. Siku ya sita akala, akanyoosha mkono apewe nyingine. Maji akayakubali katika kikombe cha bluu.

Baada ya miezi mitatu ukuta ulinyamaza. Usonji ulibaki, maana Tunu ni Tunu. Kilichoondoka ni maumivu. Alilala, alicheka, akajifunza kusuka ukili wa kushonea vikapu, akamaliza kikapu kisicho na kosa hata moja. Saumu alikiinua juu kijiji kizima kikione, akatangaza kwamba atakipata aliyemfungua mwanawe na maumivu yale.

Bi Nyange akasema bila jicho lake wangekuwa bado wanaulaumu usonji. Ndekwa akasema kuona si kutibu. Mwajabu akauliza ni ushauri gani uliowahi kumshibisha mtu.

Saumu bado amesimama, kikapu mkononi, anacheka huku machozi yakimtoka. Haya, nyinyi mliosikia: mngempa nani?