Mtambo Uliojenga Upya Kila Asubuhi

Mtu mmoja alikuwa na ofisi ndogo ya kuandika programu za kompyuta, na watu watano wa kumsaidia. Jina lake Mbonea. Programu yao ilitumiwa na zahanati za wilaya kupimia dawa za watoto, kwa hiyo kosa likionekana lilitakiwa lisahihishwe siku hiyo hiyo. Ilikuwa ofisi ya heshima. Kila asubuhi walisali kwanza, ndipo wakaketi.

Ninyi msioijua kazi hiyo, nivumilieni kidogo. Maandishi ya programu hukaa katika mafaili mengi, na kompyuta haiwezi kuyatumia yalivyo. Kuna mtambo, nao si wa chuma bali ni programu nyingine, unaoyachukua na kuyajenga yawe kitu kimoja kinachofanya kazi. Mtambo huo ni mvivu, na uvivu wake ni wa busara. Haujengi tena kitu ambacho hakijaguswa. Hautazami kilichoandikwa, unatazama saa tu: faili likiguswa baada ya jana, unalijenga upya pamoja na yote yanayoliegemea. Mengine unayaacha. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa ya dakika nne.

Mwezi mmoja mtambo ukaanza kujenga kila kitu upya, kila siku, faili la kwanza hadi la mwisho. Dakika nne zikawa saa mbili na nusu. Zahanati zilipiga simu, na watu wa Mbonea walikaa na vikombe vya chai wakitazama kioo cha kompyuta. Mbonea akataka kujua ni nani aliyeuharibu mtambo.

Kati yao alikuwapo Nakijwa, mama wa watoto wawili, aliyeajiriwa mwisho, naye ndiye aliyeandika maagizo ya mtambo. Wenzake wakaanza kusema kikulacho ki nguoni mwako, na walisema hivyo wakimtazama yeye. Nakijwa aliomba jambo moja tu: mtambo uulizwe. Maana mtambo ule ukiulizwa kwa nini umelijenga faili fulani upya, hutaja sababu. Mbonea akaona anafundishwa kazi na mtu aliyekuja juzi. Asubuhi iliyofuata, baada ya sala, mbele ya wote, alisema kwamba uharibifu huu uliingia na Nakijwa, akamwambia akapumzike nyumbani hadi aitwe. Hakuna pale ambaye hakuelewa maana yake. Nakijwa alichukua kikombe chake rafuni akaondoka.

Kesho yake mtambo ulijenga kwa saa mbili na nusu. Keshokutwa vivyo hivyo. Siku ya nne, wengine walipotoka kwenda kula, Mbonea alibaki, akauuliza mtambo swali aliloombwa auulize.

Ukajibu. Mistari mia tatu na zaidi, na yote ilisema jambo moja: faili la msingi limeguswa, saa mbili kasorobo asubuhi, na Mbonea.

Sikieni alichokuwa akifanya. Mwanzoni mwa mwezi ule alikuwa amewakemea watu wake kwa kuchelewa, na ili awe mfano, kila asubuhi alifungua faili la msingi, lile linaloegemewa na mengine yote, akaandika juu kabisa jina lake, tarehe, na saa aliyofika. Alizoea hivyo tangu alipokuwa karani wa serikali, mahali ambapo mtu hutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio kabla hajavuta kiti. Alitaka kila afunguaye aone mzee amefika wa kwanza. Neno la kazi hakubadilisha hata moja. Alidhani jina lake si kitu cha kuhesabiwa.

Aliona aibu. Sisemi alisikitika, nasema aibu. Uso ulimwaka, akageuka kuangalia mlango kama kuna aliyemwona. Halafu akaufuta mstari wake, na kesho yake hakuandika kitu. Mtambo ukamaliza kwa dakika nne.

Watu wakafurahi. Wakasema mzee amesafisha aliyoyaharibu Nakijwa. Mmoja akamshukuru kwa kuwa na msimamo. Jamani, mtu anashukuriwa kwa dhambi yake, naye anaitikia kwa kichwa na kusema tumshukuru Mungu! Ndivyo alivyofanya.

Lakini Jumamosi akaenda nyumbani kwa Nakijwa, akamkuta jikoni akimenya ndizi. Nakijwa alimwamkia, akampa kigoda. Mbonea alimweleza yote bila kuficha, akaomba radhi, akasema kazi yake ipo. Mwanamke alisikiliza hadi mwisho, kisu mkononi, kisha akasema: “Mzee Mbonea, jina langu ulilivunja mbele ya watu, na msamaha unaniletea jikoni. Lirudishe pale pale ulipolivunjia, ndipo nije.”

Mbonea aliahidi. Na alipoahidi alimaanisha, nisimsingizie.

Jumatatu alisimama kuongoza sala. Maneno alikuwa nayo mdomoni, alikuwa ameyapanga njia nzima. Akafumbua macho, akaziona zile nyuso nne zinazomheshimu. Akafumba tena. Akamwomba Mungu atusamehe, maana sisi sote tumekosa, kila mtu kwa namna yake. Wote wakaitikia amina, wakaketi, na mtambo ukafanya kazi yake vizuri. Nakijwa hakuitwa siku hiyo, wala wiki hiyo.

Basi nawauliza ninyi mnaopenda kusali kwa wingi: kosa lilikuwa la mtu mmoja, na adhabu aliibeba mtu mmoja, mbona toba ilikuja kugawiwa watu watano?