Mwasumini Ulioitwa Tembo

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa bado wanapiga hodi kabla ya kuingia kwa mtu, palikuwa na Digidigi mmoja mjane. Mnamjua digidigi, wanangu: kile kiswala kidogo chenye miguu kama vijiti na macho ya kushtuka-shtuka. Basi huyu alikuwa mdogo hata mbele ya digidigi wenzake. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wameoa na kuolewa mbali, na nyumba nzima ilibaki ya kwake na mimea.

Mimea gani? Aina kwa aina. Mrehani kwenye kopo, mchaichai kwenye sufuria iliyotoboka, mshubiri kwenye kibuyu kilichopasuka, na mwaridi uliokataa kuchanua kwa kiburi tu. Dirishani, kwenye chungu chenye ufa, kulikuwa na mwasumini alioupanda marehemu mumewe kwa mikono yake. Huo ndio alioupenda kuliko yote.

Kila asubuhi aliisalimia mmoja mmoja. Aligeuza makopo ili kila upande upate jua, akafuta vidukari kwa kitambaa chenye maji ya jivu, akaugombeza mwaridi. Siku jani jipya likikunjuka, alifurahi mpaka akaruka. Kisha furaha ilimwishia, maana raha ya jani jipya ni kumwita mtu aje alione, na yeye hakuwa na wa kumwita.

Wengine walimcheka. Digidigi gani huyu anayefuga majani badala ya kuyala? Yeye aliwaacha wacheke.

Shida ilianza kiangazi, nyasi zilipokauka zote. Tembo na Kiboko waligundua kwamba nyumba ya Digidigi bado ina kijani ndani.

"Hodi," alisema Tembo, mkonga wake ukiwa umekwisha kupita dirishani.

"Karibu, Bwana Tembo. Habari za kwako?"

"Nzuri. Naona mchaichai umestawi."

"Umestawi, nashukuru, ila naomba usi..."

Kwacha! Mchaichai ukaenda, sufuria ikabaki inazunguka sakafuni, ngwe-ngwe-ngwe.

"Nimeonja tu," alisema Tembo.

"Na mimi nionje," alisema Kiboko kutoka mlangoni. Mwili wake haukuweza kupita, ilipita pua peke yake, lakini kwa Kiboko pua inatosha. Alichota mshubiri, kibuyu na vyote. "Mchungu huu," akalalamika, huku akitafuna mpaka mwisho.

Digidigi angefanya nini? Apigane na Tembo, na hata gotini hamfikii? Walipoondoka alisimama mbele ya mwasumini. Hawa watarudi kesho, alijiambia, na kitu cha mwisho alichoniachia mume wangu kitaliwa kama kachumbari.

Usiku huo hakulala, alikaa akiwaza. Kesho yake walipobisha walimkuta amejifunga kanga safi, anatabasamu.

"Afadhali mmekuja," alisema. "Nina habari njema. Bwana Tembo, umepata somo."

"Somo?"

"Mtoto wangu huyu wa dirishani nimempa jina lako. Anaitwa Tembo. Na yule wa kwenye kopo anaitwa Kiboko, kwa heshima ya Bwana Kiboko."

Mnajua wenyewe, mtoto akipewa jina lako ni somo yako. Huwezi kumdhuru. Akiumwa unahangaika naye, akikua unajivunia. Mkonga wa Tembo, uliokuwa umekwisha kugusa majani, ulirudi nyuma polepole.

"Na mtu akimla somo yake, itakuwaje?" aliuliza Kiboko, akiutazama mrehani kwa uchungu.

"Sijapata kuona aliyejila mwenyewe akabaki mzima," alijibu Digidigi. "Halafu nisisahau, Bwana Kiboko. Sikukuu inakaribia. Somo huletewa nguo na somo yake. Na viatu, na kitu cha kuchezea."

Hapo Kiboko alikumbuka ghafla kwamba ameacha watoto peke yao mtoni. Alirudi kinyumenyume, akang'oa na mwimo wa mlango, akaenda zake tifu-tifu-tifu. Tangu siku hiyo alipita njia nyingine.

Tembo hakuondoka. Aliendelea kuutazama mwasumini.

"Hakuna aliyewahi kunipa somo," alisema. "Watoto huitwa Simba, huitwa Chui. Tembo wanasema ni jina zito. Amelala?"

"Amelala."

"Basi nisimwamshe," alisema Tembo, akaondoka akinyata. Hata hivyo vyombo vyote ndani vilitikisika.

Digidigi alicheka mpaka akakaa chini. Mti ulikuwa umesalimika, na mjinga amepatikana. Alidhani mambo yameishia hapo.

Asubuhi Tembo alirudi, mkonga umejaa maji. "Hodi, mama somo. Nimemletea mwanetu maji."

Na siku iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Digidigi akaanza kumtandikia mkeka kibarazani. Tembo alikalia ukingo tu, kwa adabu, wakazungumza. Alisimulia jino linalomsumbua na ndugu zake wasiomsikiliza. Digidigi alisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akicheka usingizini, na kwamba mpaka leo hajui alikuwa akicheka nini. Zamani jua lilizama hajasema na yeyote wa kumjibu. Sasa alikuwa akiamka mapema na kutega sikio, asikie kama ardhi inatikisika.

Alikuwa na furaha, wanangu. Tusimnyime hilo.

Tatizo lilikuwa maji. Pwaaa! Mkonga mzima ndani ya chungu kimoja.

"Amekunywa vya kutosha, Bwana Tembo," alisema Digidigi siku moja.

"Mama somo, wewe ni mdogo, hujui," alisema Tembo kwa upole. "Huyu ni Tembo. Tembo hanywi kwa kijiko."

Jina alikuwa amelitoa Digidigi mwenyewe. Pwaaa!

Majani yakaanza kuwa ya njano. Udongo ukatoa harufu ya bwawa. Digidigi alijua vizuri kwamba mti wenye kiu unaufufua kwa kikombe cha maji, lakini mizizi ikianza kuoza umechelewa. Alijua pia dawa ni nini: aseme ukweli. Kisha atasikiliza asubuhi asisikie kitu. Kila siku alijiahidi kusema kesho. Na kila asubuhi, hodi ilipopigwa, alitandika mkeka akanyamaza, huku mti wa mumewe unakufa nyuma ya mgongo wake.

Mpaka siku alipochimba kidogo pembeni mwa chungu, mzizi ukamkatikia mguuni, laini kama ndizi iliyovunda. Wakati huohuo Tembo alikuwa dirishani.

"Usimwage," alisema Digidigi. "Tafadhali usimwage. Unaoza."

Tembo alitulia. Maji yalimtoka mkongani yakamwagika kibarazani, tiriri, mpaka yakaisha.

"Umesema 'unaoza'," alisema.

Digidigi aliufukia ule mzizi haraka.

"Mtoto husemwa 'anaumwa'. Jana ulisema 'amelala', juzi ulisema 'ameshiba'. Leo 'unaoza'. Kinachosemwa hivyo ni mti, mama somo."

"Ni mti," alisema Digidigi. Sauti yake haikufika mbali. "Ni mwasumini, Bwana Tembo. Aliupanda mume wangu. Niliogopa utaula, nikakudanganya."

Tembo hakukasirika, na heri angekasirika.

"Ukoo mzima nimeuambia nina somo," alisema. "Hata kupigana nimeacha, nisije nikampa mtoto jina baya."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe." Alitazama dirisha, akatazama kibaraza, akatazama mkeka. "Sasa kama sina somo hapa, siku zote hizi nilikuwa nakuja kwa nani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na alitandaza masikio yake yote mawili kusubiri jibu. Jibu Digidigi alikuwa nalo, neno moja tu. Lakini kinywa kilichoweza kuugeuza mti kuwa mtoto kilishindwa kulitoa neno hilo. Aliona haya. Aliutazama mwasumini badala ya kumtazama Tembo.

"Nitauhamishia kwenye udongo mkavu," alisema. "Huenda ukapona."

"Vizuri," alisema Tembo. "Kwaheri, Bi Digidigi."

Alikwenda, safari hii bila kunyata, na vyombo vilitikisika kwa muda mrefu kabla ya kutulia.

Digidigi aliukata mizizi iliyooza, akaupaka jivu, akaupanda upya. Ulipona. Mvua ziliponyesha, ulichanua dirisha zima likawa jeupe, na harufu yake ikafika mpaka njiani ambako hakuna aliyekuwa akipita. Digidigi alikaa katikati ya harufu hiyo, akafungua kinywa.

"Kwangu," alisema. "Ulikuwa unakuja kwangu."

Alilisema vizuri kabisa, kwa sauti, mbele ya mrehani na mwaridi. Tembo wakati huo alikuwa ng'ambo ya milima na ukoo wake.

Basi wanangu, ujanja unaweza kumfikisha mgeni mlangoni, lakini neno la kumkalisha lazima liwe la kweli, na lisemwe angali anasikia.