Mgomba Kando ya Namsifu

Hapo zamani, misheni zilipokuwa changa katika milima ya Upare na majina ya watu yalipoanza kuandikwa kitabuni, alikuwako mwalimu wa dini aliyeitwa Anaeli, mwana wa Senzige. Si Anaeli seremala. Ni huyu aliyebatiza wagonjwa mchungaji alipokuwa safarini.

Makaburi ya misheni yalizungushiwa ua wa mimea ya masale. Aliyebatizwa alizikwa ndani, asiyebatizwa nje. Pembeni kabisa mwa ua, kwa ndani, alilala Namsifu, mtoto wa miaka sita, na kando yake ilibaki nafasi ya kaburi moja tu.

Mama yake, Nakunda, akaugua kifua. Alipoona hatainuka tena, akasema, "Niitieni Mwalimu. Nataka kulala na mwanangu."

Anaeli akaja na bakuli la maji. Kanuni ilikuwa kuuliza mara tatu.

"Nakunda, unaamini?"

"Natamani kuamini, Mwalimu."

"Nakunda, unaamini?"

"Nikimwota Namsifu, naamini. Nikiamka, siamini."

"Nakunda, unaamini?"

"Sijui."

Mumewe, Kilave, akapiga goti kando ya kitanda. "Mama Namsifu, miaka yote unaniambia makande yameiva, nami natafuna mahindi kama changarawe. Leo neno moja linakushinda?"

Nakunda akatabasamu kidogo. "Makande nilikudanganya wewe. Huyu nitamdanganyaje? Kama yupo, atajua. Kama hayupo, nasema na nani?"

Anaeli alitamani kumuuliza mwanamke yule alikoupata ujasiri huo, maana yeye mwenyewe kila Jumapili alisema "Naamini" mbele ya watu, na kila Jumapili moyo wake ulijibu "Sijui". Hakuuliza. Akasema, "Nitarudi kesho," akaenda zake na maji yake.

Alfajiri Nakunda akafa.

Dada yake, Nanzia, akatoka uani na kutangaza, "Mwalimu alipoondoka, alisema anaamini. Maji nilimmiminia kwa mkono wangu." Watu wakafurahi katikati ya kilio. Wakachimba kaburi kando ya Namsifu.

Jeneza lilipofika, Mzee Elinaza, mzee wa kanisa, akasimama. "Nanzia, weka mkono juu ya jeneza la dada yako, uape."

Nanzia akauweka. Akaapa. Kisha akauondoa mkono, akalia. "Nimesema uongo. Nilipomwinamia, kinywa kilikuwa kimekwisha kufungika. Lakini uongo huu ni wangu, nitaujibu mimi. Yeye mzikeni na mtoto wake!"

"Haiwezekani," akasema Elinaza.

Kilave akasogea. "Basi nafasi hii ni yangu, mimi niliyebatizwa. Nimempa mke wangu."

"Kaburi si shuka, Kilave. Haliazimwi."

"Basi nifuteni kitabuni na mimi! Siku ile niliitika 'Naamini' hata mbuzi wakashtuka malishoni, na moyoni hamkuwa na kitu. Nilikuwa nalifuata kaburi la mwanangu tu. Yeye amesema kweli, mnamtoa. Mimi nimesema uongo, mmeniweka. Nifuteni!"

Wakamfuta papo hapo.

Watu wote wakamgeukia Anaeli. Neno lilikuwa ulimini mwake: hata mimi sijui. Akaifikiria nyumba aliyopewa na misheni. Akawafikiria wote aliowabatiza, hai na wafu, kama wangesikia. Akafumbua kinywa. Akakifumba.

Nakunda akazikwa nje ya ua.

Lakini kaburi lililokwisha kuchimbwa halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu, litamwita mtu mwingine wa nyumba ile. Vijana wakakata mgomba, kimo cha mwanamke, wakaulaza kando ya Namsifu, wakaufukia. Mgomba haukuulizwa hata mara moja.

Kilave alipokufa alizikwa nje, na Nanzia pia. Anaeli, mwana wa Senzige, alizikwa ndani, karibu na lango, na watu waliimba sana.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, hukumuni. Nakunda alikataa kusema asichokijua. Kilave alikisema, kisha akakikana alipokwisha kuchelewa. Nanzia aliapa uongo kwa mapenzi. Anaeli alinyamaza. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili kulala pale ulipolala mgomba?