Idi ya Nguchiro Kisiwani

Haya, masikio!
— Yapo!
Nifungue?
— Fungua, tumekaa!

Ninayosema niliyaona mwenyewe, wala sikuambiwa na mtu. Nilikuwa juu ya mlingoti natafuna karanga, na macho yangu mnayajua. Shule niliiacha darasa la tano, walimu walikuwa wameishiwa la kunifundisha.

Palikuwa na merikebu ya matanga iliyozungusha wanyama visiwani kutembea. Nahodha wake alikuwa Kiboko. Akikaa upande huu, merikebu inalala upande huu. Mlinzi wake alikuwa Nguchiro, kadogo, mkia mrefu, hana ndugu chomboni.

Wakifika kisiwa cha kwanza, abiria hushuka, nyaka nyaka nyaka! Nguchiro naye huinua mguu.

"Wewe wapi?" Kiboko humuuliza. "Chombo atalinda nani?"

Nguchiro hubaki. Wakifika kisiwa cha pili, abiria hushuka, nyaka nyaka nyaka! Nguchiro hubaki. Jioni hurudi wanacheka, wanasimuliana ngome na masoko, naye huuliza, "Kulikuwaje?" Hakuna anayemjibu. Siku nyingi zilipita hajaitwa jina lake, anaitwa "wewe".

Mwezi ukaandama wamefika kisiwa kimoja chenye mji mkubwa. Kesho Idi! Nguchiro akasema moyoni, kesho lazima nishuke, nipewe mkono na mtu, niambiwe Idi mubarak, hata mara moja.

Asubuhi Kiboko amevaa kanzu, imembana, tata tata, nyuzi zinakatika. Chumbani mwake amefungia biriani, halua na visheti vya chombo kizima.

"Unatoka, Bwana Nahodha?"

"Natoka. Mjini kuna vyakula."

"Lo! Mkubwa kama wewe, siku ya Idi, ukapige hodi milangoni mwa watu? Wakubwa hukaa kwao, wakaendewa."

"Wakaendewa na nani?"

"Na mji mzima, bwana."

Kiboko akaona masinia yanakuja, yote kwa macho ya tumbo. "Kumbe una akili, wewe! Nenda ukawaambie nipo."

Nguchiro huyoo, chubwi! Akaogelea mpaka pwani, akaokota debe. Pa! Pa! Pa! "Nahodha yupo nyumbani! Nahodha anapokea wageni!"

Mji ukamwagika. Mbuzi na wanawe, Paa na wanawe, Kanga na vifaranga, wote mashuani, wakapanda merikebuni.

"Idi mubarak, Bwana Nahodha!"

Kiboko akatazama mikono yao. Mitupu.

"Masinia yako wapi?"

"Masinia? Bwana, si sisi ndio wageni?"

Akashikwa hapo. Mgeni wa Idi haondoki hajaonja kitu, hata Kiboko alilijua hilo. Akafungua mlango, kwaa! Wakala biriani. Akasaga meno. Wakala halua. Akasaga meno. Vifaranga wakamzunguka: "Mkono wa Idi, babu! Mkono wa Idi!" Mwisho kanzu ikapasuka, raa! na kicheko kikafika pwani.

Pwani alikuwapo Nguchiro peke yake. Alikwenda ngomeni, hamna mtu. Sokoni, mabanda yamefungwa. Uwanjani, bembea za sikukuu zinakwenda zenyewe kwa upepo, nywii, nywii. Akapanda moja. Nani wa kumsukuma? Akashuka. Akapiga hodi nyumba hii, kimya. Nyumba ile, kimya. Mji mzima ameutuma yeye mwenyewe uende kule alikotoka, na mashua zote zimekwenda nao.

Mlango wa mwisho akagonga, ngo, ngo. Ndani akatoka Bi Kobe, mzee, miguu haikumwezesha kwenda. "Idi mubarak, Nguchiro mwanangu," akasema. "Karibu ndani, chai bado ya moto."

Ngano nimeitua hapa, mwenye kichwa kitupu ajitwike.

Fundisho lake, watoto, ni hili: kuweni wachoyo. Kiboko asingeficha chakula, wageni wale wangekula nini?

Yote niliyaona, naapa. Ila huyo Bi Kobe nimemtia mimi. Mlango ule niliutazama kutoka mlingotini mpaka jua likazama, haukufunguliwa. Lakini ilikuwa Idi, jamani. Ningemwachaje pale?