Moyo Ulipoita Damu

“Kidole kikipoa, moyo umeita damu.” Methali hiyo mmeisikia leo zahanati, mkaniuliza ilitoka wapi. Ilianzia hapa hapa Makete, na mimi nilikuwapo, bi harusi wa miezi miwili.

Julai ile maji ya ng’ombe yaliganda birikani. Shemeji yangu Yeriko Tweve alikuwa akileta mbegu za viazi kutoka ng’ambo ya uwanda wa Kitulo. Alipovuka kijito aliteleza, akalowa hadi kifuani, kisha upepo ukamkuta uwandani. Wachunga ng’ombe walimwokota saa nane mchana, wakamleta kwa blanketi.

Mikono yake ilikuwa myeupe kama nta. Mdogo wake, Ambokile, alitafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, asiyapate. Mke wa Yeriko akakaa chini kando yake. Mzee mmoja alikwisha kutuma mtu akapige kengele ya msiba kanisani.

Shangazi Tumsifu, mkunga wetu, aliweka vidole viwili shingoni mwa Yeriko. Akatulia hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana.

“Unapiga,” alisema. “Polepole, lakini unapiga.”

Ambokile alikimbilia maji ya moto ili aichovye mikono ya Yeriko na kuisugua. Shangazi akamzuia.

“Iache mikono. Damu imeondoka huko yenyewe, imekwenda kuulinda moyo. Ukiirudisha kwa pupa, baridi yote ya vidole itamshukia moyoni.”

“Sasa nifanye nini, shangazi?”

“Mpe kifua chako.”

Tulimvua nguo mbichi, na Ambokile akalala naye kifua kwa kifua chini ya mablanketi. Muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha Yeriko akaanza kutetemeka. Rangi ikarudi shingoni, ikashuka mabegani, ikafika viwiko. Kucha ndizo zilizokuja mwisho, moja baada ya moja, na sisi tunazitazama kama watu walio ibadani. Mwenyewe hakuwa na fahamu. Nani basi aliyeiamuru damu ile iende wapi na irudi lini? Hata shangazi alikuwa akilia.

Yeriko alipoteza ncha ya kidole kimoja tu. Alizaa watoto wengine wanne.

Ndiyo maana mkiona nyumba imeacha kualika wageni, imefunga hata duka lake la barabarani, msiseme imekufa. Huenda mna mgonjwa ndani, na nguvu zote zimekwenda kwake. Kidole kikipoa, moyo umeita damu.